Idara ya Maji na Ini la Mwenye Bucha

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi na kuwaamsha. Nilianzia kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Geita, katikati ya vijiji vya wachimbaji, na sasa niko hospitali moja hapa Shinyanga, ambako nimezeeka kiasi cha kuamkiwa shikamoo hata na madaktari. Watu wakisikia muuguzi wa usingizi hudhani nakaa kichwani pa mgonjwa nikisubiri wengine wamalize kazi. Huwa nawajibu kwamba daktari wa upasuaji ana kipande chake cha tumbo, na sehemu nyingine yote ya mtu iko mikononi mwangu. Nimelisema jambo hilo mara nyingi mno, hata wenzangu wakiniona nafungua mdomo hulimalizia wao.

Wananitania pia kwa maji. Chumba kizima cha upasuaji kinaniita idara ya maji. Mgonjwa wangu hajafika mezani ameshatundikiwa dripu, nyingine inasubiri, na presha ikishuka kidogo tu mkono wangu unakuwa umeshafika kwenye kile kigurudumu kidogo cha mrija na kukifungulia mpaka mwisho. Siombi ruhusa. Akili inakuja baadaye kuuliza mkono umefanya nini.

Tabia hiyo ina chanzo chake. Kule Geita, nikiwa bado binti, aliletwa mama aliyejifungua njiani, nyuma ya gari la kubebea mawe ya dhahabu, damu haijakata. Dripu tulikuwa nazo, damu hatukuwa nayo. Niliukamata mfuko wa maji kwa mikono miwili nikaukamua kama mtu anayefua blanketi, mpaka vidole vikafa ganzi, na bado nilichelewa. Alifariki akiniangalia. Mtoto alipona, na alilia kwa sauti kubwa kweli. Toka siku ile niliapa kwamba hakuna mshipa utakaobaki mtupu mbele ya macho yangu. Kiapo hicho kimenisaidia miaka yote, kwa sababu wengi wanaoletwa kwetu wameshamwaga damu huko watokako: ajali za pikipiki, uzazi, vijana waliofukiwa na kifusi kwenye maduara, yale mashimo marefu wanamofuata dhahabu. Mtu wa namna hiyo unamjazia maji wala hakuna mjadala.

Halafu akaja mwenye bucha kutoka Segese. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba wa mwili na mpana wa mabega, na kofia yake nyeupe ya kufuma aliivua tu alipolazimika. Upande wa kushoto wa ini lake kulikuwa na uvimbe ukubwa wa chungwa, na vipimo vilikuwa vimeshasema kwamba ukiachwa utamuua. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Wiki zile tulikuwa na daktari bingwa mgeni, binti mzaliwa wa Nyahanga kule Kahama, aliyesomea mbali akarudi bila maringo. Alisema kipande cha kushoto kinaweza kuondolewa na mzee akaishi vizuri na kilichobaki, kwa sababu ini lina kawaida ya kukua tena.

Tatizo alituambia wazi. Ini limejaa damu kila mahali, ukiligusa popote linatoka, na damu ya mzee ilikuwa kundi O hasi. Mtu wa O hasi hapokei damu ya kundi jingine lolote, na kwenye friji ya maabara zilikuwepo chupa mbili tu za aina yake; chupa ni jina la zamani tu, siku hizi ni mifuko. Ndugu zake walipimwa mmoja mmoja na hakuna aliyelingana naye. Tuliomba hospitali za jirani, tukaambiwa tusubiri, na ule uvimbe haukuwa wa kusubiri. Kwa hiyo mzee ilibidi akatwe ini kwa chupa mbili. Zikiisha kabla hatujamaliza, angefia mezani kwetu.

Nikaanza kupanga kama ninavyopanga siku zote. Asubuhi moja kwenye chai nikamweleza daktari mpango wangu: nitamtundikia maji tangu alfajiri, nitamjaza vizuri kabla hajaguswa, ili hata akimwaga awe anamwaga akiba. Nilikuwa bado naendelea, andazi mkononi, aliponikatiza.

"Mama," akasema kwa upole huku anakoroga chai yake, "hapo kausha."

Sasa, mitaani kwetu kumwambia mtu kausha ni kumwambia anyamaze, aachane na jambo, ajifanye hakuona. Vijana wanaambiana hivyo kutwa nzima. Lakini kijana hamwambii mtu mzima. Na binti huyu alikuwa ameniamkia shikamoo robo saa iliyopita, nikamwitikia marahaba kwa moyo mweupe, na sasa mbele ya wauguzi wadogo ananiambia nifunge mdomo wangu! Kwa Kiswahili mtu akikuumiza kwa maneno tunasema amekukata maini. Siku ile mimi nilikatwa maini kabla ya mgonjwa.

Nikanyamaza. Nilinyamaza siku mbili, na yeyote anayenijua atakwambia hilo ni jambo la kutangazwa. Daktari akiniamkia, namwitikia marahaba kavu. Akiuliza kama tunaweza kukaa tuzungumze juu ya mzee, nasema nina kazi. Naona aibu kuandika haya. Mzee wa watu alikuwa kitandani anahesabu siku, na mimi nimeshikilia hasira yangu kana kwamba nitalipwa mshahara kwayo.

Aliyenitoa humo ni mzee mwenyewe. Siku ya tatu nilikwenda wodini kumpima na kumuuliza maswali yangu ya kawaida kabla ya usingizi. Mke wake, mama mnene mcheshi aliyezaliwa Kishapu, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na galoni ya juisi nyekundu ya rozela miguuni.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia Kisukuma chake cha asubuhi, mayu ni mama, nami nikamwitikia. Akaigusa galoni kwa mguu. "Nimemletea lozela, dada. Damu iongezeke kabla hamjamkata. Anywe yote?"

"Anywe kikombe, mayu. Galoni nzima atazama."

"Dada," mzee akaingilia, "naomba nikuulize kitu cha kitaalamu."

"Uliza, mzee wangu."

"Mimi nakata maini tangu sijaota ndevu. Wachimbaji wa kwetu asubuhi hawaingii shimoni bila rosti ya maini. Sijawahi kuona ini likimwaga damu. Unaweka kisu, linakatika, basi. Nyie mbona mnaogopa?"

Nikacheka. "Ini lako wewe ni la ng'ombe aliyekwisha chinjwa."

"Enhe!" Akainua kidole kama mwalimu aliyepata jibu alilokuwa analitafuta. "Kwa kuwa nimeshachinja, damu imeshakwenda zake, ini limekauka. Sasa nyie mnataka kukata la mtu aliyejaa. Huyo mtu mnamkausha vipi bila kumchinja?"

Nilisimama pale na kitambaa cha presha mkononi. Limekauka. Mnamkausha vipi. Hapo kausha, mama.

"Msimwogope huyu," mke wake akasema, akidhani nimekwazika. "Anapenda maswali."

"Huyu hapa," mzee akamwelekezea kidole, "amenikata maini miaka thelathini bila kisu na sijatoka tone. Muulizeni yeye anafanyaje."

Akachapwa kofi la begani. Mimi nilikuwa nimeshageuka, na presha ya mzee sikuipima mpaka jioni.

Nilimkuta daktari nje ya chumba cha upasuaji akisugua viatu vyake vya mpira kwenye bomba. Sikusalimia wala sikuzunguka. "Daktari, juzi uliposema kausha, ulikuwa na maana gani?"

Akaniangalia. "Kwamba usimjaze maji, mama. Tumwache mkavu mpaka nimalize kukata. Kwani wewe ulielewaje?"

Nikamwambia nilivyoelewa. Akajifunika uso kwa mikono yenye povu. "Uwii, mama! Mimi nikwambie wewe unyamaze?" Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akapiga goti palepale kwenye maji, kama mabinti wa Kisukuma wanavyowaamkia wakubwa, akaomba samahani. Na mimi nikaomba radhi, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara, na ulimi wangu ulilifanya kwa shida.

Tukakaa kwenye ngazi akanieleza. Alisema nilifikirie ini kama nyumba yenye milango miwili. Mlango wa mbele uko chini yake, ambapo mishipa inayoleta damu imekaa pamoja kwenye fungu moja. Fungu hilo linaweza kuzungushiwa utepe na kubanwa kwa robo saa, likaachiwa dakika tano ini lipate pumzi, kisha likabanwa tena. Mlango wa nyuma ni mishipa mipana inayotoa damu na kuimimina kwenye mshipa mkuu unaokwenda moyoni. Huo haubaniki kirahisi. Mtu akijazwa maji, ule mshipa mkuu unafura, na damu inarudi kinyumenyume kuja kutokea palepale panapokatwa.

"Mlango wa mbele nitaufunga mimi," akasema. "Wa nyuma uko kwako, mama. Ukimjaza, nitabana mbele mpaka kesho na bado atamwaga."

Sikubishana naye, lakini kuamini sikuamini. Mimi ni mtu wa kuona. Nilitumia miaka zaidi ya ishirini kumimina, na sasa naambiwa kumimina kwenyewe ndiko kutamwaga damu! Usingizi ulinipaa nikiwaza. Asubuhi nikarudi kwa mzee nikamwambia nahitaji ini zima la ng'ombe, lenye mabomba yake yote, yasikatwe karibu. Hakuuliza la nini. Akapiga simu buchani kwake palepale akafoka: "Ini la kwanza la kesho uliache na mabomba yake! Nimesema na mabomba! La hospitali hilo, siyo la kukaanga!"

Ini likaja na basi la kwanza, ndani ya ndoo yenye barafu. Mchana, kazi zilipopungua, tuliliweka kwenye sinia uani nyuma ya chumba cha upasuaji: mimi, daktari, na muuguzi mmoja kijana ambaye angekuwa msaidizi wangu siku yenyewe, dada mmoja mtulivu ambaye hunisikiliza kuliko ninavyostahili. Ile rozela ya mke wa mzee niliimimina kwenye mifuko mitupu ya dripu. Mrija mmoja nikauingiza kwenye bomba la mlango wa mbele, mwingine kwenye la mlango wa nyuma, nikakaza kwa uzi. Mifuko yote miwili nikaitundika juu kabisa ya stendi. Daktari akalikata lile ini pembeni kwa kisu.

Likavuja kila mahali. Sinia likawa jekundu, na kama ingekuwa damu ya mzee ningekuwa nimeshapiga kelele. Daktari akabana mrija wa mbele kwa vidole. Rozela ikapungua, lakini haikukata. Iliendelea kutiririka taratibu, nyekundu, kwa kiburi.

"Sasa shusha mfuko wa nyuma," akasema.

Nikauteremsha usawa wa kiuno. Mtiririko ukawa matone. Nikauweka kando ya sinia, usawa wa ini lenyewe, na matone yakakatika. Nikaupandisha tena, rozela ikaja. Nikaushusha, ikaacha. Nilipandisha na kushusha sijui mara ngapi, daktari na yule msaidizi wakinitazama kama wazazi wanaomtazama mtoto na swichi ya taa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi kazini kwa muda mrefu, furaha ya kukuta kwamba kitu ulichokizoea kina upande ambao hukuwahi kuuona.

Kisha akatuonyesha atakavyokata, na hapo nikagundua kwamba kisu hakitumiki sana. Alichukua koleo jembamba, akabana kipande kidogo cha ini, akakisaga polepole. Ukiminya kiazi kitamu kilichochemshwa, nyama yake inapondeka na nyuzi zinabaki vidoleni. Ini nalo ni hivyohivyo. Nyama ilisagika, zikabaki nyuzi, na kila uzi ulikuwa mshipa. Akaufunga upande huu na upande huu, akaukata katikati, akaenda kwenye mwingine. Yule msaidizi akaomba kujaribu, akaweza mara ya pili. Mpishi wa hospitali alipita akauliza kama lile ini linalika. Tukamwambia lina nyuzi na rozela, akaondoka anatikisa kichwa.

Asubuhi ya upasuaji mzee aliingia akiwa amevua kofia, na bila kofia alionekana mdogo zaidi. Akanishika mkono.

"Dada, umeshajua mtanikausha vipi?"

"Nimeshajua, mzee wangu."

"Basi, bismillahi," akasema, nikamlaza.

Nilimwekea mrija wa shingoni, nikauunganisha na mrija mwingine uliosimama wima kando ya rula niliyoibandika kwa plasta kwenye stendi. Maji ndani ya mrija huo husimama kulingana na nguvu ya damu inayorudi moyoni, na daktari alitaka yasipite sentimita tano mpaka amalize. Dripu niliiacha ikidondoka tone moja moja, ya kuzuia tu mrija usizibe. Kila tone lilinichoma. Nilijisikia kama mama aliyemnyima mtoto kikombe cha maji makusudi.

Daktari akafungua tumbo, akapitisha utepe mweupe kuzunguka lile fungu la mlango wa mbele, akauvutia ndani ya kipande cha mpira, akakaza na kubana. "Nimefunga," akasema, na msaidizi akaangalia saa ya ukutani. Robo saa ya kwanza nilichungulia juu ya pazia linalonitenga na tumbo la mgonjwa mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Koleo linasaga, nyuzi zinafungwa, mkasi, uzi mwingine. Damu iliyotoka haikujaza kikombe cha chai. Utepe ukalegezwa dakika tano huku wamekandamiza pale kwa vitambaa vya moto, ukakazwa tena. Robo saa ya pili ikaenda hivyohivyo. Nikaanza kuwa na kiburi.

Robo saa ya tatu, kipande kikiwa karibu kutoka, mshipa mmoja wa mlango wa nyuma ukachanika.

Damu ilipanda nyeusi, kimyakimya, ikajaa shimo lote kabla mtu hajasema neno. Mashine ya kufyonza ikaanza kukoroma. Daktari akazamisha kidole kwenye ile damu akipapasa palipochanika. Presha ikaporomoka: tisini na tano, tisini, themanini na tano, themanini. Kengele ya mashine yangu ikalia.

"Mama, nifungulie?" msaidizi akauliza. Mkono wake ulikuwa kwenye kigurudumu cha dripu. Nilipotazama vizuri, wangu ulikuwa juu ya wake. Sikumbuki nikiupeleka.

"Idara ya maji," daktari akaita bila kuinua kichwa, "rula inasemaje?"

"Nne."

"Kidole changu kipo kwenye tundu. Naomba dakika mbili nishone. Mlango ni wako, mama."

Hakuniamuru, na ningependa angeniamuru. Yule mama wa Geita alikuwa pale chumbani, nasema kweli, akiniangalia kwa macho yaleyale, na mimi na dripu zangu zimejaa hadi shingo. Kila kitu nilichojifunza kutoka kwake kilikuwa kinaniambia fungulia. Nilikuwa naogopa kweli. Kisha nikaiona ile rozela kwenye sinia, nyekundu, ikija kila nilipopandisha mfuko.

"Kausha," nikasema.

Msaidizi akaondoa mkono wake. Nikainamisha meza kidogo upande wa kichwa, ili ule mshipa uliochanika usije ukanyonya hewa. Nikachukua bomba la sindano la dawa ya kukaza mishipa, nikampa mzee kidogo, na kidogo tena. Chupa ya kwanza ya damu ikatundikwa ikaenda taratibu. Themanini. Themanini. Themanini na mbili. Niliona sindano ya daktari ikizama chini ya kidole chake na kutoka upande wa pili, ikazama tena, uzi ukavutwa, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akatoa kidole polepole kama mtu anayemtua mtoto aliyelala.

Hapakutoka kitu.

Kipande chenye uvimbe kiliwekwa kwenye bakuli. Mlango wa mbele ukaachiwa moja kwa moja. Wakalifunika ini lililobaki kwa vitambaa vyeupe, wakakandamiza, tukasubiri dakika kumi. Walipovitoa vilikuwa vyeupe karibu kama vilivyoingia.

"Idara ya maji," daktari akasema, na nikasikia anatabasamu, "sasa fungulia."

Nilikizungusha kile kigurudumu mpaka mwisho wake. Nililia na kucheka kwa pamoja nyuma ya barakoa, na mtu akiniuliza nitasema nilikuwa na mafua. Chupa ya pili ya damu haikuguswa. Niliirudisha maabara mwenyewe kwenye kisanduku chake cha baridi, nikaiona ikirudishwa kwenye friji, peke yake kwenye rafu.

Mzee alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa maji. Nikamlowesha midomo kwa pamba, nikamwambia mengine yanaingilia mkononi. Akalala tena. Baada ya siku chache alikuwa anatembea wodini amejishika ubavu, akiwaeleza wagonjwa wenzake jinsi ini linavyokatwa, na akitia chumvi sana.

Wiki iliyofuata, mchana, nikiwa nakunja kanga yangu niende kula, ilikuja bajaji hadi mlangoni kabisa. Ndani yake alikuwa mama kijana kutoka vijiji vya machimboni, amejifungulia njiani, na damu haijakata. Nilimtambua kabla sijamwona uso. Nilitambua sakafu ya bajaji ilivyolowa. Hapakuwa na muda wa kupima kundi lake. Damu ya O hasi humfaa mtu yeyote, na nilijua iko wapi na iko rafu gani. Kwa umri wangu huu nilikimbia. Nilimtundikia dripu mikono yote miwili, nikaitundika ile chupa, nikafungulia vyote, na mfuko wa damu nikaukamua kwa mikono miwili kama mtu anayefua blanketi, huku wakunga wanashughulika chini. Vidole vikafa ganzi. Aliniangalia, na aliendelea kuniangalia, mpaka presha ikapanda na damu ikakata, na akaniuliza kwa sauti ndogo mtoto yuko wapi.

Nilikwenda stoo nikajifungia. Nililia sana, safari hii bila kusingizia mafua.

Mwenye bucha alirudi kliniki baada ya mwezi, kofia kichwani, mke nyuma na galoni ya rozela ambayo sasa ilikuwa yangu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinionyesha kovu kama mtu anayeonyesha shamba, kisha akakumbuka jambo.

"Dada, walisema zilikuwa chupa mbili. Moja nilikunywa mimi. Ile nyingine mmenitunzia?"

Nikamweleza. Nikamweleza bajaji, na yule mama, na kwamba alitoka hapa amembeba mwanawe mwenyewe, mtoto wa kike. Mzee akavua kofia akaishika magotini. Mke wake alikuwa ameacha kumimina juisi, amesimama na kikombe hewani.

"Ulimpa yote?" mzee akauliza.

"Yote, mzee wangu. Pale sikukausha hata tone."